Ndugu wanne, majimbo manne, na ugomvi mmoja wa kura ya urais

SWALI: Tulizaliwa Kongo, tukakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa sisi ndugu wanne ni raia wa Marekani. Mimi niko Erie, Pennsylvania. Kaka yetu mkubwa yuko Houston, Texas. Dada yuko Omaha, Nebraska. Kitinda mimba yuko Portland, Maine. Kila uchaguzi wa rais ukikaribia, kundi letu la familia kwenye simu huwaka moto. Kaka anasema kura yake Texas ni bure, hivyo anampa mgombea wa chama kidogo. Dada anamjibu kwamba huko ni kumpigia adui. Mdogo wetu anataka sote tukubaliane mtu mmoja. Mwaka 2024 wawili walinuniana hadi Krismasi. Mama ninaishi naye. Ana grini kadi, na juzi alipokwenda kuchukua kitambulisho cha jimbo alipewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 2028 ndio huo. Tubishaneje ili tufike mahali?

JIBU: Dada yangu, nianze na mama, maana lake haliwezi kungoja.

Mwenye grini kadi haruhusiwi kupiga kura ya rais, ya Seneti wala ya Baraza la Wawakilishi. Ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi mwaka 1, na upande wa uhamiaji ni zito zaidi: kupiga kura bila kuwa raia, au kudai uraia usio nao, kunaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini na kumfungia mlango wa uraia. Ajali yenyewe hutokea kimyakimya. Sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni na vitambulisho katika majimbo mengi zimpe mteja nafasi ya kujiandikisha. Karani anauliza haraka kwa Kiingereza, mzee anaitikia ndiyo kwa heshima, anaweka saini, na kumbe ametia alama kwenye kisanduku kinachosema “mimi ni raia”. Kama fomu ya mama bado iko mezani, isijazwe. Kama ilishapelekwa, asipige kura hata akiletewa kadi ya mpiga kura, na amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika barua yoyote na kabla ya kujaza N-400, fomu ya kuombea uraia, kwa sababu inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Akiwa aliingia kama mkimbizi, ile miaka 5 ya kusubiri uraia huhesabiwa tangu siku alipoingia nchini, na anaruhusiwa kupeleka ombi siku 90 kabla haijatimia.

Ila mama hajafungwa mdomo. Sheria inamruhusu mwenye grini kadi kuhudhuria mikutano, kujitolea kwenye kampeni, hata kuchangia fedha za mgombea. Katika mabishano yenu ana haki kamili ya kusema, na huenda ndiye mwenye maslahi makubwa kuliko nyote.

Sasa ugomvi wenyewe. Mnajibizana maswali matatu kana kwamba ni moja: nani anafaa, kura yangu, hapa ninapoishi, inaweza kufanya nini, na rais ana uwezo gani juu ya jambo linaloniuma. Kaka anajibu la pili, dada anasikia la kwanza, na mnanuniana. Yatenganisheni. Tena msianze na lile la nani anafaa, ingawa ndilo tamu. Anzeni na la pili, kwa sababu lina hesabu, na hesabu haina chuki.

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kuna wajumbe 538 wanaomchagua rais, waliogawanywa kwa majimbo, na mgombea anahitaji 270. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchini kote, akashindwa. Katika majimbo 48 na mji mkuu, Washington, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote. Majimbo mawili tu hayafanyi hivyo, Maine na Nebraska, na familia yenu imeangukia yote mawili. Kwa hiyo ushauri mmoja kwa ndugu wanne hauwezekani, na ombi la mdogo wenu kwamba mkubaliane mtu mmoja linaweza kutimia upande wa imani, lakini kila kura bado itafanya kazi tofauti.

Wewe Erie umekaa jikoni kabisa. Pennsylvania ina wajumbe 19. Trump aliichukua kwa tofauti ya kura 44,292 mwaka 2016, Joe Biden kwa kura 80,555 mwaka 2020, kisha Trump tena mwaka 2024 kwa takriban kura 120,000, katika jimbo linalopiga kura zaidi ya milioni 6. Kaunti yenu ya Erie yenyewe ilimpa Barack Obama mara mbili, ikampa Trump, ikampa Biden, ikarudi kwa Trump. Ni kura chache za urais nchini zenye uzito kama ya mtu wa hapo.

Dada wa Omaha naye asidhani yuko pembeni. Nebraska ina wajumbe 5: wawili ni wa mshindi wa jimbo zima, na mmoja mmoja kwa kila moja ya maeneo matatu ya ubunge. Jimbo hilo huenda kwa Republican bila wasiwasi, lakini Omaha iko katika eneo la pili, ambalo lilimpa mjumbe wake Obama mwaka 2008, Biden mwaka 2020 na Kamala Harris mwaka 2024, na katikati likawapa wagombea wa Republican. Yamekuwapo majaribio ya kuufuta utaratibu huo katika bunge la jimbo, mwaka 2024 na mwaka 2025, yakashindwa. Afuatilie kama litaletwa jingine kabla ya 2028, kwa sababu likipita, hesabu ya kura yake inageuka siku hiyohiyo.

Kaka wa Houston anasema kweli, lakini nusu. Texas ina wajumbe 40 na haijampa mgombea wa Democratic tangu mwaka 1976. Mwaka 2024 pengo lilikuwa karibu kura milioni 1.56. Kura yake ya Novemba haitasukuma wajumbe hao. Ila hapo ndipo anapokosea: anadhani Novemba ndiyo siku pekee.

Uchaguzi wa mchujo ndio mahali ambapo swali la “nani anafaa” lina nguvu, maana watu wa chama kimoja wanachagua kati ya watu wengi. (Wasomaji wa Tanzania huuita kura za maoni, Kenya jina hilo hulitumia zaidi kwa utafiti wa nani anaongoza. Kwenye kundi la ndugu waliotapakaa, semeni mchujo, msije mkapishana.) Mwaka 2024 Texas na Maine zilipiga kura ya mchujo tarehe 5 Machi. Siku saba baadaye, tarehe 12 Machi, Biden na Trump wote walikuwa wameshafikisha idadi ya wajumbe wa chama waliyohitaji. Pennsylvania ilifuata tarehe 23 Aprili na Nebraska tarehe 14 Mei. Maana yake, kaka anayelia kwamba kura yake ni bure anaweza kuwa na sauti katika kumteua mgombea kabla wewe hujafikiwa. Na mwaka 2028 hakuna chama kati ya viwili vikubwa kitakachokuwa na rais anayetetea kiti chake kwenye mchujo: Marekebisho ya 22 ya Katiba hayaruhusu mtu kuchaguliwa rais zaidi ya mara mbili, na Trump ameshachaguliwa mara mbili.

Hapo kuna mitego. Texas haiandikishi watu kwa vyama. Kaka atafika kituoni na kuchagua karatasi ya chama kimoja siku hiyo. Lakini lazima awe amejiandikisha siku 30 kabla, na Texas kwa kawaida inataka fomu ya karatasi. Pennsylvania ni kinyume: mchujo wake umefungwa. Kama umejiandikisha bila chama, utafika kituoni na hutapewa karatasi ya kumchagua mgombea urais wa chama chochote. Mwisho wa kujiandikisha au kubadili chama ni siku 15 kabla. Watu wengi waliopata uraia karibuni huacha sehemu ya chama wazi kwa hofu ya kuonekana wana upande, kisha wanashangaa Aprili. Kujiandikisha na chama hakukulazimishi kukipigia Novemba.

Turudi kwa chama kidogo, kwani hapa ndipo mliponuniana. Tuseme kuna wagombea wakubwa A na B, na mdogo C. Kaka anampenda C, na C asipokuwepo angemchagua A. Akimpigia A, pengo linasogea kura moja upande wa A. Akimpigia B, linasogea moja upande wa B. Akimpigia C, halisogei kokote. Basi kumpigia C si kumpigia adui; kwa pengo la A na B ni sawa na kukaa nyumbani. Dada amekosea kwa neno, lakini hofu yake ina msingi mahali ambapo pengo ni jembamba. Mfano usiosahaulika ni Florida mwaka 2000: George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, Ralph Nader wa chama cha Kijani alipata kura 97,488, na wajumbe 25 wa Florida ndio waliompa Bush urais.

Hata hivyo mfano huo hutumiwa vibaya. Huwezi kuchukua kura zote za mgombea mdogo ukazihamishia kwa mmoja. Pennsylvania mwaka 2016, Jill Stein wa chama cha Kijani alipata kura 49,941, zaidi ya pengo la 44,292. Lakini Gary Johnson wa chama cha Libertarian alipata 146,715, na hao wangegawanyikaje hakuna ajuaye. Wapo ambao wasingekwenda kituoni kabisa.

Kuna hoja ya kweli ya kumpigia C: chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za nchi nzima, kinastahili fedha za umma katika uchaguzi unaofuata. Ross Perot alipata zaidi ya asilimia 8 mwaka 1996, na chama chake cha Reform kikapokea takriban dola milioni 12.6 kwa uchaguzi wa 2000. Kura hizo huhesabiwa nchi nzima, kwa hiyo ya Houston ina thamani sawa na ya Erie, bila hatari ile ya Erie. Anayemwunga mkono C kwa sababu hiyo ana mpango. Anayefikiri C atashinda, hana: Perot huyohuyo alipata karibu asilimia 19 mwaka 1992 na hakuambulia mjumbe hata mmoja. Kwa maoni yangu, kaka akibaki Texas, mwacheni na C wake. Akihamia Pennsylvania, mjadala unaanza upya.

Mdogo wa Portland amewekewa njia ya tatu. Maine inapanga wagombea kwa namba katika kura ya rais tangu mwaka 2020: unaandika wa kwanza, wa pili na kuendelea. Asipopatikana aliyezidi nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la kila mpigaji. Anaweza kumweka C namba 1 na A namba 2 bila kupoteza chochote. Makosa yanayotokea ni mawili. Mtu anaandika jina moja tu, na C akiondolewa kura yake inaishia hapo. Au anamjazia C nafasi zote akidhani anamwongezea nguvu, haimwongezei. Hesabu ya wajumbe wa Maine inafanana na ya Nebraska: wawili wa jimbo zima, mmoja mmoja kwa maeneo mawili. Eneo la Portland limekuwa la Democratic kwa muda mrefu, na lile la kaskazini limempa Trump mara tatu.

Swali la tatu, uwezo wa kiti, ndilo linalopunguza kelele kuliko yote. Kila mmoja aandike mambo matatu yanayomgusa. Halafu kwa kila jambo ulizeni: hili linaamuliwa kwa kalamu ya rais, kwa Bunge, au na jimbo na kaunti?

Chukua wakimbizi, linalowahusu moja kwa moja. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1980, rais huweka kikomo cha kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba, baada ya kushauriana na Bunge. Biden aliweka 125,000 kwa mwaka 2024. Trump aliweka 7,500 kwa mwaka 2026. Hapo mgombea ana nguvu kubwa, na ahadi yake ipimwe kwa uzito. Vilevile marufuku ya viza: Mahakama Kuu ilithibitisha mwaka 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, mamlaka mapana ya rais ya kuzuia raia wa nchi fulani, na tamko la Juni 2025 liliigusa Burundi kwa sehemu.

Chukua sasa kodi ya fedha mnazotuma nyumbani. Hiyo ni sheria iliyopitishwa na Bunge. Mswada ulianza Baraza la Wawakilishi ukitaja asilimia 5 kwa wasio raia, ukashuka hadi 3.5, na ulipotoka Seneti ukawa asilimia 1 kwa kila mtu, raia na asiye raia, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Inakatwa unapolipia kwa fedha taslimu, money order au hundi ya benki (cashier’s check). Ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani, haikatwi. Kwa dola 300 za taslimu ni dola 3. Rais alisaini, lakini tarakimu ilibadilishwa na wabunge. Anayeumizwa na kodi hii na anamtazama mgombea urais peke yake, ameangalia mlango mmoja wa nyumba yenye miwili. Bahati nasibu ya viza pia iliwekwa na Bunge, kwa sheria ya 1990. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, hakijabadilika tangu 2009, na hakuna rais awezaye kukipandisha peke yake kwa waajiri wote.

Shule za watoto, polisi wa mtaa, kodi ya nyumba, mabasi: hayo mengi ni ya jimbo, kaunti na mji. Kaka wa Houston anawachagua baadhi ya majaji, sherifu na mwendesha mashtaka kwenye karatasi ileile anayoiita bure.

Mkishachuja hivyo, mambo ya kubishania kuhusu mgombea yatabaki machache, na hapo someni rekodi kabla ya ahadi. Aliyekuwa seneta au mbunge, kura zake zilizorekodiwa kwa majina zinapatikana kupitia tovuti ya Bunge, congress.gov. Aliyekuwa gavana, tazameni bajeti alizosaini na miswada aliyoikataa. Msimsahau mgombea mwenza: makamu wa rais 9 wamewahi kurithi kiti, 8 kwa kifo cha rais na mmoja Richard Nixon alipojiuzulu mwaka 1974. Na majaji wa Mahakama Kuu, 9 kwa idadi, hukaa maisha yao yote. Rais huwateua na Seneti huwaidhinisha, hivyo uzito wa uteuzi mmoja unaweza kumpita aliyeufanya kwa miaka 30.

Kwenye kundi la familia wekeni masharti machache mkiwa bado wapole, mwaka mzima kabla. Kipande cha video kisisambazwe bila tarehe na hotuba nzima. Sekunde 15 zilizokatwa ndizo chanzo cha ugomvi mwingi. Tafsiri ya Kiswahili isiyo na kiungo cha maneno ya asili isihesabiwe kuwa ushahidi. Anayedai jambo ndiye anayeleta chanzo, si anayelipinga. Kabla ya kumjibu mwenzio, rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka akubali kwamba umeielewa. Na kila mmoja aseme mapema ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Asiyekuwa nacho aachwe kwa heshima, mwendelee na wengine. Ujumbe wowote unaosema chama fulani kinapiga kura Jumatano, au kwamba unaweza kupiga kura kwa ujumbe wa simu, ni uongo: siku ya mwisho ni Jumanne, tarehe 7 Novemba 2028, na hakuna kura ya SMS.

Kwako wewe Erie limebaki la karatasi. Ukitaka kupiga kura kwa posta, ombi lifike ofisi ya kaunti kabla ya saa 11 jioni ya Jumanne ya wiki moja kabla. Bahasha ni mbili: karatasi inaingia kwanza kwenye ile ya siri, ndiyo hiyo inaingia kwenye ya nje. Ukiruka ya siri, kura haihesabiwi. Bahasha ya nje weka saini na tarehe ya siku unayoijaza; usiandike tarehe yako ya kuzaliwa, kosa lililowahi kuwaponza wengi. Iwe imefika ofisini kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauisaidii ikichelewa. Ukimwandikia kaka saa hizi, mwandikie kama zilivyo kwenye fomu, 5:00 PM na 8:00 PM, maana saa mbili ya Kiswahili na mbili ya Kiingereza zimetenganishwa na saa sita.